AMANA YA MGONJWA ASIYESEMA

KHUTBA YA IJUMAA – Kanyaruchinya, Goma

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewaumba wanadamu na akaumba pamoja nao viumbe wengine wanaotembea, wanaoruka na wanaotambaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunajiusia sisi wenyewe na tunawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ijumaa iliyopita, watu walipokuwa wakitoka baada ya swala, mtoto mmoja wa madrasa alibaki nyuma. Akasema: "Shehe, paka wetu ni mgonjwa. Amekonda mgongo lakini tumbo limevimba. Homa inakuja na kuondoka. Hakuna anayejua anaumwa nini. Nikimwombea kwa Mungu, ni vibaya?"

Mzee mmoja aliyekuwa anavaa viatu akasikia. Akasema: "Mwanangu, hapa Kanyaruchinya watu wamekufa, na wewe unalilia paka?" Mtoto akanyamaza. Tukamwambia: "Mwanangu, swali lako ni zuri. Ngoja Ijumaa ijayo."

Basi khutba ya leo ni jibu la mtoto yule, na ni jibu la mzee yule pia.

1. JE, INAFAA KUMZUNGUMZIA PAKA JUU YA MIMBARI?

Ndugu zangu, mzee wetu hakusema uongo. Sehemu hii imeona mengi. Mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitema moto, na mwaka ule wa 2021 lava ilikata barabara yetu ya kwenda Rutshuru. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, wakimbizi wa vita walijaa hapa, wakalala juu ya mawe makali ya volkeno chini ya mashiti. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikaachwa tupu, watu wakaondoka na godoro kichwani. Kila mmoja wetu ana maiti wake anayemkumbuka. Haya hatuyasahau, wala hatumlinganishi paka na mwanadamu.

Lakini tujiulize: huruma ni kama unga wa mwisho ndani ya debe, ukimpa huyu yule anakosa? Hapana. Huruma ni kama kisima: kadiri unavyochota ndivyo maji yanavyokuja. Moyo uliozoea kumpita mgonjwa mdogo bila kumtazama, kesho utampita mgonjwa mkubwa.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wetu. Alikuwa na vita, njaa, mayatima na wajane. Pamoja na hayo alimzungumzia paka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alitupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Na kwa upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu. Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba wakauliza kama kuna malipo hata katika wanyama. Mtume akawajibu kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna malipo.

Tazameni vizuri: mmoja ameingia motoni, mwingine amesamehewa. Wala jambo halikuwa kubwa machoni pa watu. Lilikuwa paka na mbwa.

Na Sahaba mkubwa katika upokezi wa hadithi, tunamjua wote kwa jina la Abu Huraira (r.a.), yaani baba wa kipaka kidogo, kwa sababu ya kipaka aliyekuwa akimchukua. Na Abu Qatada (r.a.) alikuwa akiwekewa maji ya udhu na mkwewe Kabsha. Paka akaja kutaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Na sisi tunajua kazi ya paka. Gunia la mahindi na maharagwe likilala nyumbani bila paka, asubuhi unakuta panya wamekwisha kula sehemu yao. Paka amefanya kazi yake usiku bila kudai franga hata moja. Je, siku akiugua atupwe kando ya barabara?

2. KUTOJUA UGONJWA SI MWISHO WA NJIA

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ugumu wa mtoto huyu ni kwamba ugonjwa wa paka wake haujulikani. Walianza kusema ni minyoo, wakampa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Wakasema amekula sumu, wakamnywesha maziwa. Akaharisha. Wakampakia kwenye motari mpaka kwa mganga wa mifugo, yule tunayemwita veterineri. Veterineri akampima, akasema: "Nina dhana tatu, lakini sina hakika." Watu wa nyumbani wakarudi wamekasirika. Wakasema: huyu hajui kitu, pesa yetu imepotea.

Ndugu zangu, msikasirike. Mtu anayesema "sina hakika" amewaambia ukweli. Wanazuoni wetu wakubwa walikuwa wakiulizwa masuala, na mengine wakijibu "sijui", na hawakuona aibu. Wa kuogopwa ni yule anayejibu kila kitu.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad kuna nyongeza inayotufaa sana leo: kwamba dawa hiyo anaijua anayeijua, na haijui asiyeijua. Maana yake ni nini? Maana yake kutojua kwetu hakuondoi kuwepo kwa dawa. Kutojua ni kwetu sisi. Kwa Mwenyezi Mungu jambo hilo linajulikana.

Tuchukue mifano miwili.

Mfano wa kwanza uko hapa kwetu. Kutoka Goma mpaka Sake kuna mashimo na mabonde ambamo mbuzi, mbwa na hata watu hukutwa wamekufa asubuhi bila jeraha. Wazee waliyaita mazuku, upepo mbaya, na wengine wakasema ni mashetani au ni watu wabaya. Wataalamu wa volkeno walipopima, wakakuta ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala chini penye bonde, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mnyama mfupi na mtoto mdogo hufa kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Haikuwa uchawi. Ilikuwa sababu iliyofichika. Wangapi walituhumiwa kabla ya kupimwa?

Mfano wa pili ni wa paka wenyewe. Kuna ugonjwa wa paka unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona. Homa haishuki, paka anakonda, mara nyingi tumbo linajaa maji. Ni mgumu kuutambua, kwa sababu dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine mengi. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Boston, Marekani, na Dkt. Jean Holzworth. Kwa miaka zaidi ya 50 paka aliyeupata alihesabiwa kuwa amekwisha. Mtaalamu mwingine, Niels Pedersen wa chuo kikuu cha Davis huko California, alishughulika nao kwa miongo mingi. Mwaka 2019 yeye na wenzake walitangaza kwamba waliwapa dawa mpya paka 31 wenye ugonjwa huo. 26 walimaliza dawa ya wiki 12 au zaidi, na wengi wao wakapona.

Hatusemi kwamba dawa hiyo utaipata sokoni Goma kesho. Wala hatusemi kwamba paka wa mtoto huyu ana ugonjwa huo. Tunasema hivi: kwa miaka hiyo yote dawa ilikuwa katika elimu ya Mwenyezi Mungu, na watu walikuwa hawaijui. Basi asikate tamaa mtu kwa sababu ugonjwa haujapata jina.

3. MITEGO MITATU YA MTU ASIYEJUA

Ndugu Waislamu, mtu akikosa kujua, shetani humwekea mitego mitatu. Tuiangalie mmoja mmoja.

Mtego wa kwanza ni dhana mbaya. Katika nyumba ya mtoto huyu, neno lilianza kusemwa: jirani ametupa kitu. Mama wa nyumba akaacha kumsalimia jirani yake, mwanamke ambaye wamechangia moto na chumvi miaka mingi. Tahadhari! Katika Sura ya 49, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, maana baadhi ya dhana ni dhambi. Mnajua nyinyi nyote neno moja la namna hiyo limevunja nyumba ngapi hapa kwetu, na limemwaga damu ngapi. Ugonjwa wa paka usitoe mlango kwa ugomvi wa watu.

Ni kweli kwamba paka anaweza kula panya aliyekula sumu, na sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Dalili hutokea baada ya siku kadhaa, na veterineri ana dawa yake, vitamini K1, ikiwahiwa. Lakini njia ya kujua si kununa. Njia ni kwenda kwa jirani kwa salamu na kuuliza: "Dada, mliweka dawa ya panya siku hizi? Ni ya aina gani? Nionyeshe pakiti yake nimwambie mganga." Ukiuliza hivyo, jirani anakuwa shahidi wa kukusaidia, badala ya kuwa mshitakiwa.

Mtego wa pili ni hirizi na waganga wa kienyeji wanaodai kujua ghaibu. Anakuja mtu anasema paka huyu ametumwa, leteni kuku mweupe, mfungeni uzi huu shingoni. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bashir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari moja alimtuma mjumbe aamrishe zikatwe kamba zilizofungwa shingoni mwa ngamia, na Imam Malik alionelea kwamba watu walizifunga kwa ajili ya kijicho. Ikiwa shingo ya ngamia haikuachiwa uzi wa namna hiyo, ya paka haiachiwi vilevile. Dua tunaomba, maana dua inakwenda kwa Muumba. Uzi hauponyi.

Mtego wa tatu ni dawa za kubahatisha. Abu Dawud amepokea kwamba anayetibu hali hajulikani kwa elimu ya uganga, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Sikilizeni basi. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kile tunachomeza kichwa kikiuma, kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini la paka haliwezi kukivunja kama ini la mtu. Ibuprofeni vilevile ni hatari kwake. Dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nyingine ni sumu kwa paka. Na maziwa hayaondoi sumu. Paka wengi wakubwa yanawaharisha tu, na mgonjwa anayeharisha anazidi kukauka maji. Nia njema haimgeuzi mtu kuwa mganga.

4. UWE ULIMI WA ASIYESEMA

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Sahl bin Handhaliyya (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake limeshikana na mgongo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema. Neno hilo, wasiosema, ndilo msingi wa khutba hii. Mtoto wako akiumwa atasema: mama, hapa. Paka hasemi. Tena paka ana desturi ya kuficha maumivu. Akianza kujificha chini ya kitanda, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuingia ndani. Kwa hiyo aliye naye ndiye ulimi wake. Utasema nini mbele ya veterineri ikiwa hukuangalia?

Chukua daftari la shule na uandike kila siku:

a) Amekula nini na kiasi gani. Paka asiyekula kabisa siku mbili au tatu yuko hatarini, kwa sababu ini lake linaweza kujaa mafuta na kuharibika, hasa kama alikuwa mnene.

b) Amekunywa maji kiasi gani. Kuzidi kunywa ni habari kubwa: kunaweza kuonyesha figo, au sukari, au kwa jike ugonjwa wa mfuko wa uzazi.

c) Amekojoa? Paka dume anayejikamua bila mkojo kutoka asingojee kesho. Anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

d) Ametapika, ameharisha, kuna damu?

e) Rangi ya ufizi. Wa kawaida ni wa pinki, ingawa wengine wana madoa meusi ya kuzaliwa nayo. Mweupe ni dalili ya upungufu wa damu, wa njano ni ini au damu inayovunjika.

f) Pumzi akiwa amelala. Hesabu kwa dakika moja. Ikivuka 40, mpeleke haraka.

g) Uzito. Mtie ndani ya mfuko, mpime kwenye mizani ya duka mara moja kwa wiki.

Mambo haya hayahitaji pesa. Yanahitaji macho na uaminifu. Na mara nyingi veterineri anapata njia katika daftari hilo kuliko katika kumshika paka kwa dakika tano.

Na hapa tuonye kwa nguvu. Paka aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma bila sababu, anayetoa mate mengi au kushindwa kumeza, usitie mkono kinywani mwake, na watoto waondolewe. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama maji ni ya bidoni la kununua, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Usingoje dalili. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Uhai wa mtoto wako unatangulia uhai wa paka, na kuulinda ni faradhi.

5. NA ASIYE NA PESA?

Mtu atasema: Shehe, mimi nina bugali ya leo tu, nimtibu paka kwa nini? Jibu: Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake, kama ilivyo mwishoni mwa Sura ya 2. Na Abu Dawud amepokea kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapuuza wale anaowalisha. Basi watoto wako kwanza: chakula chao, dawa yao, karo yao. Huna pesa ya veterineri, huna dhambi.

Lakini kuna mambo usiyokuwa na udhuru nayo. Maji safi katika kisahani. Kichwa cha sambaza kilichobaki. Gunia kavu mahali pasipo na baridi, maana baridi ya Kanyaruchinya usiku mnaijua. Kumpangusa macho na pua. Kumzuilia watoto wasimrushie mawe. Mwanamke wa katika hadithi hakuulizwa kwa nini hakununua dawa. Aliulizwa kwa nini alimfungia na kumnyima. Hapo ndipo mpaka ulipo: kushindwa si dhambi, kutelekeza ndiko dhambi.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, imebaki sehemu ngumu. Paka akifa je?

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari ya mdogo wake, mtoto aliyeitwa Abu Umair. Alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye, kisha yule ndege akafa, na mtoto akahuzunika. Mtume (s.a.w.), mwenye umma wote mabegani mwake, alimwita mtoto kwa jina lake la heshima na kumuuliza kwa upole habari za ndege wake. Hakumcheka. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Enyi baba na mama, tuchukue adabu hii. Mtoto anayemlilia paka wake anajifunza kwa mara ya kwanza kwamba anachokipenda kitaondoka. Ukimcheka leo, hatakuletea huzuni yake kesho atakapokuwa mkubwa. Na hapa kwetu watoto wameona mambo ambayo hawakuyasema. Huenda machozi ya paka ni machozi ya zaidi ya paka. Mkalishe karibu nawe umsikilize.

Na huzuni si upungufu wa imani. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe, naye akapeleka mashitaka ya huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu peke yake, kama ilivyo katika Sura ya 12. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu hapatwi na taabu wala ugonjwa wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake.

Kuhusu kumuua mnyama aliyekata tamaa ya kupona na yuko katika mateso makali, wanazuoni wana kauli tofauti. Mwulizeni shehe wenu na veterineri pamoja, wala msiamue kwa hasira. Lakini jambo hili halina tofauti: haijuzu kumfunga ndani ya mfuko na kumtupa, kumpiga mawe, wala kumwacha barabarani magari yamkanyage. Muslim amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, na mnyama apumzishwe.

Akifa, mzike mbali na mahali pa kuchota maji. Katika mawe yetu haya ya lava kuchimba ni kazi, lakini mfukie vizuri mbwa wasimfukue, kisha nawa mikono kwa sabuni. Hakuna swala ya jeneza wala matanga. Na usijilaumu usiku kucha ukisema: laiti ningemfikisha mapema. Ulifanya ulichokijua siku ile. Usilolijua hukulificha.

Sasa turudi kwa mtoto wetu.

Mwanangu, si vibaya kumwombea paka wako. Katika Sura ya 6, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Aliyemuumba wewe ndiye aliyemuumba yeye. Omba, na uendelee kuandika katika daftari lako.

Na mama yake ameturuhusu tueleze jambo moja. Jumanne alikwenda kwa jirani yake, akamsalimia, akamuuliza kwa uzuri. Jirani hakuwa ameweka sumu yoyote. Akasema: "Mama, mimi nilidhani mnajua. Paka wenu huja kwangu kila asubuhi, wiki nyingi sasa, anakunywa maji ya bakuli la kuku mpaka ninashangaa. Nilitaka kuwaambia, lakini nikaona hamnisalimii." Habari hiyo ilikuwa ukuta wa pili tu, na dhana mbaya iliizuia isipite. Veterineri alipoisikia alisema: "Sasa nina pa kuanzia."

Mpaka tunaandika karatasi hii paka yu hai. Anakula kidogo. Ugonjwa wake haujapewa jina. Hatujui atapona au hatapona, na hilo liko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini wanawake wawili wanasalimiana tena, na mtoto anajua kwamba swali lake lilisikilizwa. Na yule mzee wetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, jana alituma kichwa cha samaki.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wanaosema na wasiosema. Utuonyeshe tusiyoyajua, na utupe subira katika yale uliyotuficha. Utuepushe na dhana mbaya baina yetu. Warehemu maiti wetu wote wa Kanyaruchinya na wa mji huu, waliozikwa na wasiojulikana walipo. Warudishe kwa usalama waliotawanyika. Utupe amani katika nchi yetu. Amin, amin, yaa Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TAFADHALI: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usiifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.